Fundi Aliyesikia Diski Ikilia

Nasimiyu alifia mapajani mwangu mchana, mvua ikipiga mabati, katika chumba ambamo kompyuta ilitolewa kwa sababu kilikuwa kibaya kwa kompyuta.

Nimeliandika hilo kwanza ili lisinikwame kooni.

Tulikuwa tumekimbia mvua, sisi wanawake wa kuchambua mahindi katika stoo moja kubwa pale Kitale. Tulifunga mlango na dirisha, maana mvua ya huku ikitaka kuingia haibishi hodi. Nasimiyu akajilaza juu ya magunia matupu, kichwa ukutani, karibu na tundu dogo lililokuwa pale. Baada ya muda akasema, "Dada, kifua kinanibana. Ni kama mtu amenikalia." Kabla sijamjibu, mimi mwenyewe nikaanza kutapika. Kulikuwa na harufu kama ya kitunguu saumu kilichooza. Waliokuwa karibu na mlango waliufungua, wakatoka wakitambaa kwenye matope. Mimi sikuweza kusimama. Nilimvuta mpaka kichwa chake kikawa kwangu. Akaniuliza kama mvua imeisha. Ilikuwa bado.

Huyo alikuwa mdogo wangu wa tumbo moja. Kaburi lake liko Sirisia, nyuma ya migomba ya mama. Mimi nilipona, kama kupona ni huku. Nikipanda kilima kidogo moyo unagonga na kukwama, unagonga na kukwama, kama diski inayoelekea kufa. Lugha hiyo ya diski si yangu. Shule niliacha mapema, na kompyuta sijawahi kuiwasha hata siku moja. Nilifundishwa na mtu ninayetaka kumweleza hapa, kwa sababu kila nikiulizwa ni nani alimuua Nasimiyu, majina mawili yananitoka bila kufikiri: Khaemba, meneja wa stoo, na Makokha, mtu wa kuweka dawa. Halafu kuna la tatu, na hapo ulimi unakuwa mzito. Hilo la tatu sitalitaja. Nitasema Fundi, kama tulivyomwita sote.

Sijui alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Nilimkuta akiwa ameshazeeka. Alikaa Bungoma, na alikuja Kitale kompyuta ya stoo ilipougua. Alivaa tai siku zote, tai ya kahawia iliyokatika nyuzi pembeni, akaikunja ndani ya shati ili isiguse vyuma. Mkoba wake wa ngozi ulikuwa wa mwalimu fulani zamani. Ndani kulikuwa na bisibisi, nyaya, brashi ya rangi na raba ya kufutia penseli. Alinawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa mashine. Kabla ya kula hakunawa. Nasimiyu alimcheka kwa hilo.

"Fundi, sasa maandazi yangu hayana cheo?"

"Mwili unajitibu, dada," akajibu akitafuna. "Mashine haijitibu."

Hiyo ndiyo ilikuwa dini yake, ingawa alikuwa pia mzee wa kanisa.

Kompyuta yenyewe ilikuwa jitu. Walisema ilitoka katika ofisi ya wachora ramani, na kwamba wakati wake ilikuwa farasi. Ilipofika kwetu ilikuwa imeshachoka, lakini ndiyo iliyosoma mizani ya malori na kutoa risiti. Ikikwama, malori yanapanga foleni hadi barabarani, madereva waliotoka Moi's Bridge na mahindi ya watu wanapiga honi na kututukana sisi, kana kwamba sisi ndio tumeikwamisha. Siku moja wapakiaji wawili waliambiwa waisogeze. Mmoja wao, kijana wa mjini, akaiweka chini na kusema, "Bana, afadhali gunia. Gunia liko na masikio ya kushika."

Njia ya Fundi ya kutafuta ugonjwa ningeweza kuitazama siku nzima. Kwanza aliagiza kimya. Mzee mwembamba hivyo, lakini akisema "Nyamazeni!" hata lori lilizimwa. Aliweka ncha ya bisibisi juu ya diski na mpini wake sikioni, kama daktari na kile chombo chake cha kifuani. Akafumba macho. Sisi tulisimama mlangoni na nyungo zetu, tukizuia pumzi.

"Inalia," alisema. "Diski haifi ghafla. Hulia kwanza. Ni nyinyi mnaosema ati ni feni."

Lakini hata ikilia hakuihukumu. Hapo ndipo alipokuwa tofauti na mafundi wengine niliowaona, wale wanaofika, wanainama, wanasema "diski imekufa, leta nyingine." Yeye alianza na waya. Alichomoa, akaweka mwingine, akajaribu. Kisha akabadilisha waya wa stima. Kisha akatoa diski, akaiweka katika mashine yake ndogo aliyobeba, aone kama huko itaamka. Diski ilikuwa mshukiwa wa mwisho. "Usimfunge mtu kwa sababu alikutwa karibu na maiti," alituambia.

Khaemba hakuwa na subira hiyo. Yeye dawa yake ilikuwa kuzima na kuwasha, kuzima na kuwasha, na kupiga mashine kofi la mgongo.

"Si jana ilikuwa inafanya?"

"Hata marehemu jana alikuwa anafanya, bosi. Toa mkono. Ukimwamsha-amsha mgonjwa unamaliza pumzi yake."

"Wewe nataka irudi, hadithi uwachie kanisa."

"Niambie kwanza utalilia nini," Fundi akasema. Aliwauliza hivyo wote. Maana yake: katika vyote vilivyomo humu, ni kipi ukikikosa utalia? Hicho ndicho alichonakili kwanza, diski ikiwa bado ina nguvu kidogo. Mengine baadaye. Nimewahi kuwaza kwamba kama mtu mmoja tu katika stoo ile angejiuliza swali hilo kuhusu watu, ningekuwa na mdogo wangu.

Alikuwa mkweli kwa mashine mpaka ukweli ukawa ugonjwa. Alituhadithia mama mmoja wa Webuye aliyemletea diski yenye picha za mume wake, mzee aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha karatasi maisha yake yote. Diski ilikuwa imejikwaruza ndani, haifai kitu. Fundi mwingine angekaa nayo wiki mbili akimpa matumaini. Yeye alivua kofia mbele ya yule mama, akaiweka diski mezani kwa mikono miwili, akasema, "Pole, mama. Huyu ameenda." Tulipenda hadithi hiyo. Nasimiyu aliiomba tena na tena, na kila mara aliiga ile kofia.

Sasa ninaiwaza kofia hiyo kwa hasira. Aliivua kwa diski. Kwa Nasimiyu hakuja hata matangani.

Maana alikuwa pia mwoga, na uoga wake ulikuwa wa namna ya ajabu. Umeme hakuuogopa. Watu wadogo hakutuogopa. Alitukaripia tukikanyaga waya, alimfokea karani wa mizani mpaka akalia. Lakini mtu mwenye funguo nyingi kiunoni akiingia, sauti ya Fundi ilishuka. Alisema ukweli wake nusu, nusu nyingine akaifungia ndani ya mkoba. Nilidhani ni adabu ya wazee.

Ofisi ya kompyuta ilikuwa imetenganishwa na stoo kwa ukuta mwembamba wa mbao. Mizani ilikuwa upande wa pili, kwa hiyo waya wake ulipita ndani ya stoo na kuingia ofisini kwenye tundu. Tundu hilo alilitoboa Fundi mwenyewe. Alilitoboa vizuri, nakumbuka, akapitisha waya na kuziba nafasi iliyobaki kwa tambara na gundi. "Panya wasipate barabara," alisema.

Basi diski ikaanza kufa. Akaweka nyingine, nayo ikafa. Khaemba akasema anauziwa takataka. Fundi akalaumu stima, akaleta kifaa cha kuituliza. Ikafa tena. Hapo akakaa kwenye kiti akaitazama mashine kama mzazi anayetazama mtoto anayeficha jambo. Alifungua ile kadi ya kijani iliyo tumboni mwa diski. Vile vidoa vya shaba, mahali kadi inapogusana na diski, vilikuwa vyeusi kama masizi. Akatoa raba ya penseli, akavisugua taratibu, akapuliza, akafunga. Diski ikaamka. Tulipiga makofi.

Yeye hakufurahi. "Nimefuta jasho," alisema. "Homa iko palepale."

Ilichukua misimu kabla hajaipata homa hiyo. Mahindi yakijaa stoo, huwekwa dawa ya kuua dumuzi, wale wadudu wanaotoboa punje. Makokha alipanga tembe za dawa kati ya magunia, akafunika kwa maturubai, na pembeni huwekwa mifuko mirefu ya mchanga kuyakandamiza yasivuje. Tembe zikikutana na unyevu hutoa hewa, na hewa hiyo ndiyo inayoua. Mahindi yanatakiwa yakae yamefungwa siku kadhaa, bila mtu kukaribia. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Makokha alifanya kazi kwa haraka ya mtu aliyeacha pombe yake ikipoa. Maturubai yake yalikuwa na matundu, na mifuko ya mchanga aliitumia kuzuia gari lake lisiteremke. Kila baada ya dawa yake, diski iliugua. Hatukuliona hilo. Fundi aliliona.

Nitasema jinsi ninavyojua kwamba aliliona.

Nasimiyu alikuwa na bangili ya shaba, aliyopewa na shangazi yetu kwa ajili ya maumivu ya kiungo. Ndiye aliyefagia ofisi ile kila asubuhi. Bangili ilikuwa ikigeuka nyeusi, akaisugua na majivu, ikageuka tena. Siku moja Fundi, akiwa ameinamia diski, akauona mkono wake ukipita na ufagio. Akaushika.

"Hii imekuwa hivi tangu lini?"

"Ati? Hii ni uchafu wa kazi, Fundi. Si unaona tunakula vumbi."

Akaiweka diski iliyofunguliwa karibu na mkono wake. Weusi na weusi. Akatazama, akatazama ukuta, akavuta hewa puani kama mbwa.

"Dada," alisema, "bangili yako na huyu wangu wana ugonjwa mmoja."

Nasimiyu akacheka mpaka akakaa chini. "Umesikia, dada yangu? Nimeugua kompyuta!"

Nilicheka pia. Fundi hakucheka.

Siku hiyohiyo Khaemba aliingia, funguo zikilia kiunoni. Nilikuwa mlangoni nikikung'uta ungo, na maneno haya niliyasikia kwa masikio yangu.

"Hewa ya chumba hiki inakula shaba," Fundi alisema.

"Inatoka wapi?"

"Kule." Akaelekeza kidole ukutani. "Mkiweka dawa, inapita."

"Kwa hivyo?"

"Mashine iende upande wa barabara. Hapa haitaishi."

"Na chumba?"

Fundi alifunga mkoba wake, vifungo viwili, taratibu. "Chumba ni chako, bosi."

Basi. Hayo ndiyo maneno yake. Chumba ni chako, bosi.

Kompyuta ikahamishwa kama bibi harusi, kwa blanketi. Fundi alivuta waya wake wa zamani kutoka ukutani, na tambara likatoka nao. Nasimiyu, ambaye hakuwa mtu wa kupitwa, akasema, "Fundi, na hilo tundu? Panya si watapata barabara?"

Alilitazama. "Nitarudi na simiti."

"Achana nalo," Khaemba akasema. "Hiyo si kazi ya kompyuta."

Fundi akaachana nalo. Upande wa barabara diski haikufa tena.

Na chumba? Sisi wanawake tulikuwa tumeomba mahali pa kujikinga na mvua kwa muda mrefu mpaka tukachoka kuomba. Khaemba akatukusanya uwanjani, akatupa ufunguo mbele ya wapakiaji wote. "Msiseme siwajali. Leo nimewapatia ofisi!" Tuliimba. Nasimiyu alicheza na ungo kichwani, akamwita bosi baba. Mama mmoja mzee akatuombea, akamshukuru Mungu kwa moyo wa meneja. Tulipigia ukuta ule makofi.

Siku ile ya mvua, Makokha alikuwa ameweka dawa asubuhi. Hakuweka alama mlangoni wala hakumwambia mtu. Turubai lilikuwa limechanika upande wetu. Hayo hakuna anayeyapinga, hata yeye. Ninachosikia ni kwamba sasa anaweka dawa stoo nyingine.

Hospitalini Khaemba alifika kabla ya sisi kushushwa. Nilikuwa nimelala kwenye kitanda cha magurudumu, nikisikia kama mtu aliye chini ya maji. "Ni maharagwe," alimwambia daktari. "Hawa wanawake wanapika mambo yao. Maharagwe ya jana." Daktari alitibu alichoambiwa. Na hivyo ndivyo ilivyoandikwa, na hivyo ndivyo watu wa stoo walivyosema matangani, wakiwa wamebeba unga na sukari: pole sana, chakula kina mambo. Mdogo wangu alilaumiwa kabla hajazikwa. Ile subira ya kuanza na waya, kisha stima, kisha mashine nyingine, diski ikiwa mshukiwa wa mwisho, haikuwa ya watu.

Nilizunguka ofisi za serikali. Kila mahali niliulizwa kitu kimoja: nani anaweza kusema kwamba hewa ilipita ukutani, na kwamba meneja aliambiwa? Wenzangu waliogopa kazi zao. Mimi nilisikia, lakini mimi ni mfiwa tena ni wa ungo. Maneno yangu yalipokelewa kwa pole. Ndipo nikaenda Bungoma.

Kibanda chake kiko karibu na soko. Amezeeka ghafla. Tai ni ileile. Mezani palikuwa na diski imefunguliwa, na bisibisi yake ilikuwa sikioni, lakini aliitoa, akaiweka sikio la pili, akatikisa kichwa. Masikio yake hayasikii tena. Ilibidi nizunguke mbele yake ndipo anione.

"Mulembe, mama," alinisalimu. Kisha akanijua. Mikono ikaanza kutafuta kitu cha kushika.

"Fundi, nimekuja tuende Kitale. Useme tu ulichomwambia Khaemba. Sitaki uongeze neno."

"Sema kwa nguvu, mama."

Nikasema kwa nguvu. Wauza nyanya nje wakanyamaza.

"Mimi nilizungumzia shaba," akasema. "Mimi ni mtu wa mashine. Mambo ya watu yana wenyewe."

"Ulimshika mkono. Ulisema ugonjwa ni mmoja."

"Ule ulikuwa utani."

"Wewe hukucheka, Fundi."

Nikafungua leso, nikaiweka bangili ya Nasimiyu mezani, katikati ya nyaya zake. Nilimvua kabla ya kumvika sanda, na tangu hapo sijaigusa kwa majivu. Aliitazama. Macho yake yakajaa, sitamnyima hilo. Akaiokota kwa ncha za vidole, akaigeuza kwenye mwanga kama alivyogeuza kila kitu. Halafu mkono wake wa kulia ukaenda mkobani, ukatoa raba ya penseli, ukaanza kusugua. Sidhani alijua anachofanya. Ni mkono uliozoea. Doa dogo likang'aa, jekundu, zuri.

Nilimpokonya.

"Usifute," nilimwambia. "Huu weusi ndio wote nilio nao."

Alibaki na raba hewani. Alisema kitu kuhusu miguu yake na safari, na kwamba Khaemba bado ni mtu mkubwa kule, na kwamba atauombea moyo wangu. Nilitoka akiwa bado anasema. Kwa yeye kutosikia, sijui kama alijua nimeondoka.

Kwa hiyo ninaandika. Makokha, utuambie dawa ile uliiweka ukijua nani yuko nyuma ya mbao. Khaemba, usiniletee maharagwe. Simama mbele ya watu ujibu kitu kimoja: chumba kilichokuwa kibaya kwa kompyuta kilikuwaje kizuri kwetu? Na wewe Fundi, uliyezima malori ili usikie chuma kikilia, mbele yako alisimama mtu. Bangili bado ni nyeusi, isipokuwa pale ulipogusa. Njoo Kitale ueleze weusi wake, nusu yote uliyoifungia mkobani, ukingali na mdomo.